Mama Kwenye Kliniki ya Sukari

Nyumbani walimwita Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga tumbo la mama yake. Chuoni alisomea uzamili wa lishe, na kati ya wanafunzi waliopelekwa mazoezini kwenye kliniki ya sukari, hakuna aliyemshinda kwa ulimi mwepesi. Wagonjwa wanaoficha wanachokula walimchekesha.

"Watu wanajichimbia kaburi kwa kijiko," aliwaambia wenzake. "Kwetu mama hali kitu mpaka aniulize."

Siku ya mtihani wake wa vitendo, mkufunzi alikaa pembeni na kalamu yake, wanafunzi wawili wakasimama dirishani kutazama. Muuguzi akamwingiza mgonjwa: mwanamke mnene, kandambili miguuni, vipande vya nyuzi vimenasa kwenye gauni. Alikuwa mama yake Kitinda, fundi cherehani, ambaye hakumwambia mtu yeyote nyumbani kwamba amepatikana na sukari.

"Ala! Kumbe ni..." mama alianza, uso umemchanua.

"Karibu ukae, mama," Kitinda alimkatiza, kwa sauti ileile aliyowaitia wanawake wote wa foleni. "Unaitwa nani?"

Mama akamtazama. Kisha akataja jina lake lote, taratibu, kama shahidi mahakamani.

"Mchana unakula?"

"Nakula vizuri, daktari. Sikosi."

Kitinda alijua si kweli. Mama akishakalia cherehani hanyanyuki mpaka jioni. Mchana wake ni chai ya rangi tu. Lakini angembishia vipi mtu ambaye yeye mwenyewe amejifanya hamjui? Akaandika kwamba mgonjwa anakula mchana. Mkufunzi akamsifu kwa utulivu, na daktari wa kliniki akapanga dozi ya sindano za kushusha sukari kwa kufuata maelezo hayo.

Haikupita wiki, mama akaanguka juu ya cherehani yake. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Majirani wakamkimbiza hospitali, na Kitinda alipofika wodini alimkuta na dripu mkononi, mkufunzi na wale wanafunzi wawili wamezunguka kitanda.

"Huyu si alikwambia anakula mchana?" mkufunzi alimuuliza.

"Aliniambia. Lakini nilijua huwa hali mchana."

"Ulijuaje?"

"Ni mama yangu mzazi."

Mmoja wa wenzake akageukia dirisha. Mkufunzi hakupandisha sauti, na heri angepandisha.

"Ungesema neno moja tu, ningekupa mgonjwa mwingine. Hatuhudumii ndugu zetu. Huo ndio utaratibu. Mtihani ule nimeufuta. Utaanza kliniki upya."

"Msimlaumu mtoto," mama alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nilidhani ndiyo sheria yenu, kwamba kazini hakuna mama."

Utetezi huo ulimchoma Kitinda kuliko adhabu. Walipobaki wawili akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, si sheria. Nilikuonea haya."

"Najua. Uso wako nimeusoma tangu ukiwa na siku moja." Mama akaipangusa midomo yake iliyokauka. "Na mimi nikadanganya. Niliona ningesema ninavyoishi, ungeaibika mbele ya wakubwa wako."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini nimeumia, mwanangu, nisikufiche." Akageuzia uso ukutani. "Sasa niitie mwenzako aniulize upya. Wewe kaa nje. Mbele yako ulimi wangu hautanyooka."

Kitinda akatoka, akaegemea ukuta wa korido. Mlango haukufungwa vizuri. Alimsikia mama akieleza habari ya chai, ya sukari vijiko vya kujaa, ya kazi isiyompa nafasi ya kunyanyuka. Hakuficha kitu. Halafu mwenzake akauliza kama kuna mtu nyumbani wa kumsaidia kupanga chakula.

"Yupo binti yangu," mama akasema mwishowe. "Anasomea mambo hayohayo."

Mgonjwa mmoja aliyekuwa akipita koridoni akamsalimia Kitinda, "Hujambo, daktari?" Kitinda hakuweza kumtazama usoni.