Simba wa Wageni

Mwamvua alikuwa akipiga deki baraza la juu la hoteli ya watalii wageni waliponyamaza ghafla. Akainua kichwa. Kule chini, ukingoni mwa matete, simba jike alikuwa akinywa maji kwa raha zake.

Njia ya mashambani ilipita papo hapo, na alasiri kama hii binti yake Semeni hushuka kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga, akarudi nyumbani.

Zamani hapa palikuwa kiwanda cha pamba. Simba akionekana, mtu alipiga debe, dungu la pili likaitikia, na la tatu, mpaka bonde zima likavuma, na mwenye miguu akakimbilia kwenye kuta hizi za matofali. Likaja soko huria. Mitambo ikauzwa chuma chakavu, kuta zikapakwa chokaa, penye mizani vikawekwa viti vya kuegemea. Wanakijiji wakaambiwa mkutanoni: madebe marufuku, yanafukuza wanyama. Mzee Sadallah alipiga lake, akalala mahabusu Utete. Tangu hapo bonde kimya.

"Bosi," Mwamvua alinong'ona, "mwanangu yuko njiani."

Abdulrazaq, meneja aliyeletwa kutoka Dar, hakugeuka. "Mama, shusha sauti."

"Atakutana naye, baba. Gari liende likamchukue tu."

"Gari likiwaka simba anaondoka. Hawa watu tangu juzi hawajaona hata mkia. Mwanao si mzaliwa wa hapa? Anajua la kufanya."

"Alijua kusikiliza debe!"

"Mama Semeni, kazi unaitaka au huitaki?"

Kazi aliitaka, ndiyo iliyomlisha tangu mumewe afe. Simba akatega masikio upande wa mashamba, akainama, akapenya kwenye matete polepole.

Jamani, uchungu wa mwana! Mwamvua akamwaga maji, akageuza ndoo ya bati, akaitwanga kwa mpini wa fagio huku akilia. "Semeni! Semeni we! Panda juu!"

Akaacha, akasikiliza. Madungu yote yale yalikuwa na watu. Hakuna aliyeitikia.

Dulla, mlinzi, mtoto wa kaka yake, akamkamata mikono kwa nyuma. "Nisamehe, shangazi," alisema.

Wageni walishusha kamera wakinung'unika. Abdulrazaq akawachekea, akasema nao Kizungu, kisha akamsogelea Mwamvua.

"Waombe radhi."

"Mwanangu, baba, nakuomba..."

"Waombe radhi kwanza, ndipo gari litoke."

Mwamvua akawageukia. "Nisameheni, wageni wangu," akasema. Macho yake yalikuwa kule, ncha za matete zilikokuwa zikitikisika moja baada ya nyingine kuelekea njiani.

"Sema tena," Abdulrazaq akamwambia. "Yule mama wa nyuma hajakusikia."