Maji ya Kumkandia Badria

Bi Mize wa Mtoni alikuwa na maradhi yenye jina, na jina lenyewe hakulipata kwa urahisi. Miaka saba alizunguka akisema mwili wote unamuuma, mabega, nyonga, mpaka nyayo, na miaka saba watu walimtazama wakaona mwanamke mzima anayekula na kucheka. Anadeka, wakasema. Watu bwana! Mpaka akatokea daktari mmoja mjini, akambonyeza hapa na pale, akampima hiki na kile, akamwambia, "Hii inaitwa faibromayaljia, na ni kweli inauma." Bi Mize alilia pale pale kwenye kiti. Jina zima hakuweza kulitamka, akalikata akaliita faibro, na tokea siku ile kila kilichomsumbua alikitia humo. Kichwa kikigonga, faibro. Akisahau alipoweka ufunguo, faibro. Kwa hivyo mikono ilipoanza kufa ganzi, wala hakushughulika kumwambia mtu.

Na mikono ndiyo kazi yake. Uliza kuanzia Mtoni mpaka Kidichi nani anajua kumkanda mzazi kwa maji ya moto, tumbo likarudi na mgongo ukanyooka, utatajiwa Bi Mize. Sasa mwanawe wa pekee, Badria, amejifungua mtoto wa kwanza, yumo chumba cha ndani, na nani mwengine amkande? Tokea siku ya pili Bi Mize anamkanda asubuhi na jioni. Kumwosha mtoto alikuchukua Bi Riyama, mama wa mume wa Badria, aliyeshuka kutoka Kizimbani na mikoba yake mitatu. Lakini Bi Riyama Jumamosi anarudi kwake, na kuanzia hapo mtoto ni wa Bi Mize.

Alhamisi ndipo roho ilipomruka. Alimpakata mjukuu, akageuka kumjibu mtu mlangoni, na ghafla hakujua mkono umemshika mtoto au umemwachia. Ilibidi atazame kwa macho! Amemshika, alhamdulillahi. Lakini kesho kutwa atamshika akiwa na povu la sabuni, anateleza kama samaki. Usiku ule Bi Mize hakulala, anakunja vidole, anavikunjua, anavitia mdomoni kuviuma. Mjukuu wa kwanza. Akimwangusha, ataishi vipi?

Ijumaa asubuhi yuko mjini, mbele ya daktari. Yule wa zamani ameshahama, huyu ni kijana anaitwa Suhail.

"Shikamoo, Bi Mize. Vidole gani vinakufa ganzi?"

"Marahaba. Vyote."

"Mpaka cha mwisho?"

Bi Mize akaitazama mikono yake. "Gumba. Cha shahada, na cha kati. Cha mwisho... juzi kilikuwamo. Leo sijui. Kwani kina maana gani, mwanangu?"

"Kina maana kubwa," akasema Suhail, akaanza. Mshipa wa fahamu ukibanwa kwenye kifundo cha mkono, huumia gumba na wenzake, na huzidi usiku, hasa kwa watu wanaofanya kazi ya kukamua na kukanda. Ukibanwa kwenye kisugudi, yaani kiwiko, ni kidole cha mwisho na jirani yake. Huenda ni shingo. Huenda ni sukari. Tezi ya shingo ikilala nayo huleta, damu ikipungukiwa vitamini B12 nayo huleta, na dawa nyengine pia.

"Na faibro je?"

"Nayo. Wengi wenye faibro husikia ganzi na kuchomwachomwa, na ukiwapima mishipa huoni kitu."

"Basi ni faibro."

"Subiri kwanza." Akamfumbisha macho, akamgusisha vidole kwenye vichupa viwili vya maji. "Kipi cha moto?"

"Hiki."

Suhail akavichukua vichupa. Akabadilisha. "Na sasa?"

"Vyote sawa tu. Si ulivitia maji mamoja?"

Hakuvitia maji mamoja. Akamwambia afumbue macho, akasema polepole kwamba ganzi ya kutojua moto na baridi yeye hawezi kuibebesha faibro, lazima itafutwe.

"Basi ni nini?"

"Sijui bado, Bi Mize. Tutapima damu kwanza. Na jikoni ujiangalie sana."

Sijui bado! Bi Mize alitoka na karatasi ya vipimo na bendeji ngumu ya kufungia mkono, na hasira kifuani. Maradhi yake aliyohangaikia miaka saba, leo kijana anamwambia si hayo, au ni hayo na mengine, au yote pamoja. Alifika mpaka Mtoni anahesabu: kifundo, shingo, sukari, na lile la vitamini. Kulikuwa na mengine, yameshamtoka. Kidole cha mwisho alikiuma tena njiani, kikauma kidogo. Au alidhani kimeuma. Kitu kimoja tu kilikaa sawa kichwani mwake: daktari hakusema asimshike mtoto. Kasema jikoni. Na jikoni leo ataingia Bi Riyama.

Alasiri akamwambia Bi Riyama, "Leo niachie mie nimwoshe, mkwe wangu, nawe upo uniangalie." Akatandika taulo chini ili hata mtoto akiteleza aangukie pale pale. Akaweka beseni, akamimina maji ya moto, akaongeza ya baridi kwa makisio ya siku zote. Akatia mkono wa kulia. Akatia wa kushoto. Yamekaa vizuri.

"Haya, nipe mume wangu."

Bi Riyama, mtoto begani, akainama akachovya kisugudi kama afanyavyo kila siku, na akaruka. "Yallah! Bi Mize! Haya si maji ya mtoto haya, ya kunyonyolea kuku!"

Bi Mize alibaki amechuchumaa, mikono bado imo ndani ya beseni. Akaitoa. Ilikuwa imewiva mpaka vifundoni, na haimwambii kitu. Akamtazama mtoto, mzima, amelala. Hakumwosha. Alhamdulillahi, hajamwosha hata mara moja. Pumzi zikamrudi.

Kisha zikamkatika tena. Akanyanyuka, akaingia chumba cha ndani bila ya kubisha. Badria alikuwa amelala kifudifudi. Siku mbili hizi alikuwa akilala hivyo, na mama yake alidhani ni kwa raha ya kukandwa.

"Nioneshe mgongo."

"Si kitu, mama."

"Badria. Nioneshe."

Ikambidi aishushe kanga mwenyewe. Mgongo mzima ulikuwa mwekundu, na kiunoni, pale anapolikandamiza taulo kwa nguvu zote, ngozi imetoka malengelenge, mawili yameshapasuka yamenata na nguo.

"Mwanangu, si ungesema!"

Badria hakugeuka. "Nlisema, mama. Siku ya tatu nlisema yananiunguza. Ukanambia nnadeka."

Nje Bi Riyama alikuwa anauliza kuna nini, kuna nini. Bi Mize akakaa ukingoni mwa kitanda. Ulimi ulikuwa tayari kusema mikono, daktari, vichupa, kifundo, shingo, na yote yalikuwa kweli.

"Hukujua," Badria akasema, akimwonea huruma. "Mikono yako mibovu, mama, nimeiona ile bendeji."

"Mikono ndiyo iliyokufa ganzi," akasema Bi Mize. "Masikio yangu mazima."