Gari Lililovuliwa Paa

Mume wangu alilipima gari lile kabla hajauliza bei. Alivua futi yake shingoni, akalizunguka taratibu, akapima kutoka kioo cha mbele mpaka kwenye buti, kisha akapima mabega yake, ndivyo alivyoyaita. Alipomaliza akarudi kusimama mbele ya mwenye gari na kuuliza, "Mvua ikinyesha huwa linavaa nini?"

Mwenye gari alikuwa daktari wa meno mstaafu. Gari lenyewe lilikuwa la michezo, la zamani, la viti viwili tu, lenye pua ndefu na rangi nyekundu iliyopauka mpaka ikafanana na ulimi wa mgonjwa. Zamani lilikuwa na paa la turubai la kukunja. Turubai liliisha kwa panya, na fremu yake ilichukuliwa kimakosa na mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuja kuchukua kitanda. Kwa hiyo lilikaa uani kichwa wazi, na kuku walikuwa wamezoea kulala kiti cha dereva.

"Wote waliokuja kabla yako waliuliza injini," daktari akasema. "Ni kama mtu anakuja kuchumbia, badala ya kumsalimia binti anauliza figo."

Mume wangu akasema figo ataziangalia fundi.

"Hebu fungua mdomo."

Akafungua. Daktari akamgeuza kichwa kuelekea mwangani, akachungulia kwa muda mrefu, pale pale uani, kuku wakipita katikati ya miguu yetu. Alisema mtu asiyetunza meno hawezi kutunza gari. Mwishowe akajifuta mikono. "Gego la chini kushoto liangaliwe mapema. Gari chukua."

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na mkoba. Nilikwenda siku ile kwa kazi moja, kumkataza, lakini baada ya yale ya meno sikujua tena nianzie wapi.

Sasa mume wangu amefariki, na wanaokuja kunipa pole wanauliza habari za gari kuliko wanavyouliza habari zake. Kila mmoja ana hadithi yake, na nyingine si za kweli. Nimeona bora niandike nilivyoona mwenyewe.

Alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule, na mtaa mzima ulimwita Sentimita. Gari aliwahi kuendesha moja tu ujanani, la kupeleka majora ya vitambaa madukani, basi. Siku ya kulileta nyumbani lilivutwa kwa kamba na makanika mmoja tunayemwita Grisi, nasi wawili tukakaa ndani yake tukipigwa na upepo. Viti vilinuka kuku. Njiani nikamuuliza, "Viti ni viwili. Kimoja chako. Cha pili cha nani?" Jibu nililolitaka nilikuwa nalo tayari mdomoni.

"Cha Mama," akasema.

Nikageuza uso barabarani. Akaniona, akaongeza, "Mama alinibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikawa inaburuza chini. Watu walikuwa wanamcheka. Nataka na mimi nimbebe, hata mpaka sokoni na kurudi. Sina kingine ninachokitaka kwa gari hili. Akishuka, kiti ni chako mpaka uchoke."

Mama mkwe wangu alikuwa akiishi nasi, chumba cha mbele, dirisha lake likitazama karakana ya ushonaji na barabara. Tulipofika alikuwa ameshatoka kibarazani. Alilitazama gari kutoka mbele mpaka nyuma.

"Nani amelivua?" akauliza.

"Ndivyo lilivyo, Mama. Ni la wazi. Unapata hewa."

"Mwanangu, watu wanahangaika maisha yao yote wapate paa. Wewe umetoa pesa kununua kitu kilichovuliwa paa."

"Panda basi nikuzungushe kidogo."

"Nimelima juani tangu nikiwa msichana. Jua silijui? Leo nipandishwe gari nikaonyeshwe jua?" Akageuka kuingia ndani. Mlangoni akasimama. "Paa kwanza."

Mtu mwingine angekata tamaa. Mume wangu alifurahi kama aliyepewa oda ya shule nzima, kwa sababu paa ni kitambaa, na kitambaa ni kazi yake. Gari likaegeshwa mbele ya karakana, barabara ya kwetu inapoanza kuteremka. Breki ya mkono haikushika, kwa hiyo Grisi akaweka jiwe mbele ya gurudumu na kusema breki sasa imetengenezwa.

Alilishonea gari kama anavyomshonea mteja. Alilipima tena, akakata, akalijaribisha, akaweka pini, akarudi nyuma hatua chache na kulitazama macho yakiwa nusu yamefumba. Wateja wa kweli walisubiri kwenye benchi na suruali zao mapajani. Mmoja akalalamika kwamba yeye alifika kwanza. "Wewe una shati jingine nyumbani," mume wangu akamjibu. "Hili halina."

Kitambaa kilikuwa kaki nzito ya kaptura za wanafunzi. Alikizungushia vishikizo vya kufungia pembeni, akakitia lisani ya kuvifunika, na nyuma akaweka kidirisha cha plastiki angavu ili dereva aone atokako. Nilimwambia mfuko wa kifuani hauhitajiki. Akautoa shingo upande.

Kosa lake sasa. Maisha yake yote alishonea watoto, na mtoto hashonewi sawasawa na mwili wake. Anaachiwa nafasi ya mwaka mzima, na pindo la ndani la mwaka wa pili. Mkono wake haukujua kukata vinginevyo. Paa lilipovishwa likalala juu ya gari kama kaptura ya kaka mkubwa.

"Punguza kitambaa," Grisi akasema.

"Sipunguzi. Nguo ikishakatwa hairudi."

"Gari halikui, Sentimita."

"Umeliangalia kwa muda gani?"

"Tangu asubuhi."

"Basi."

Tukatoka kulijaribu, mimi nikiwa nimekaa kiti cha Mama kwa muda. Injini, ambayo Grisi alishaichokonoa, iliwaka siku hiyo bila ugomvi. Mwendo ulipokuwa mdogo paa lilitukalia vichwani, tukaenda kama watu waliojifunika shuka moja. Tulipofika barabara kuu akakanyaga mafuta. Paa likajaa upepo, likainuka, likavimba juu yetu mpaka kivuli chake kikawa kikubwa kuliko cha lori la mchanga lililokuwa nyuma. Kadiri alivyokanyaga mafuta ndivyo paa lilivyotuvuta nyuma. Baiskeli zikatupita. Mume wangu alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka, na mimi nilishika mlango kwa mikono miwili.

Askari wa barabarani akatusimamisha. Tuliposimama paa likajishusha lenyewe, polepole, likatufunika nyuso. Askari akalinyanyua kwa kidole kutafuta dereva.

"Mmebeba nini huku juu?"

"Upepo, afande."

"Mnaupeleka wapi?"

"Hatuupeleki. Unatufuata."

Askari akafikiri. Akalizunguka gari lote, akabonyeza paa hapa na pale. "Basi ufungeni vizuri," akasema, akatuachia.

Mama alikuwa ametuona tukirudi. "Limevimba," akasema.

"Ni upepo tu, Mama."

"Kila aliyevimba husema ni upepo tu."

Lakini paa alilidai mwenyewe, na paa lilikuwepo, na alikuwa mtu wa kutimiza neno. Kesho yake alasiri akatoka na mwavuli wake na ungo wa maharage. "Nitakaa," akasema. "Sikusema nitakwenda." Mume wangu akamfungulia mlango kama anamfungulia bibi harusi. Mama akaingia, kitambaa kikamwangukia kichwani, naye akafungua mwavuli humo humo ndani, akalisimamisha paa. Grisi alipita akatazama, akasema sasa nyumba ina nguzo.

Ikawa desturi. Kila alasiri, kazi ikipungua, mume wangu alikaa kwenye usukani na Mama kando yake chini ya mwavuli uliokuwa chini ya paa, akichambua maharage. Jiwe lilikuwa mahali pake. Wageni wa Mama walimsalimia dirishani. Aliagizia chai humo. Walioleta sare kurekebishwa walizoea kumkabidhi yeye, akazipitisha kwa mwanawe. Mara nyingine mume wangu alijaribu bahati.

"Mama, niwashe kidogo tu usikie mlio?"

"Nasikia kutoka hapa."

"Halijawaka, Mama."

"Ndiyo nasema nasikia vizuri."

Mume wangu alicheka, lakini usoni nilimjua. Alikuwa ameanza kuchoka haraka siku zile, anapanda ngazi mbili anasimama. Hospitali walishamwambia habari za moyo wake, na mimi walishaniambia zaidi. Hakutaka Mama ajue. Nilipomsihi aache kuhangaika na gari, alisema tu, "Bado hajapanda." Nikasema mbona anapanda kila siku. Akasema, "Anakaa. Kukaa hata kwenye kigoda anakaa."

Basi siku moja, anga ina mawingu mepesi, nao wakiwa mahali pao, alikuja mteja mmoja mnene, mwenye duka la viatu, kumsalimia Mama. Akaona jiwe limemzuia kusogea karibu, akalisukuma pembeni kwa mguu, akasimama vizuri, akasalimia, akauliza afya, akaenda zake upande wa juu.

Gari likaanza kwenda.

Halikwenda kwa kasi. Lilikwenda kama mtu mzima aliyekumbuka shughuli fulani. Nilikuwa mlangoni na sindano mdomoni, nikaitema, nikakimbia, na baada ya kukimbia kidogo nikagundua hapakuwa na haja, kutembea kunatosha. Nikafika usawa wa dirisha la mume wangu. Breki ya mguu ilikuwa nzima, Grisi aliitengeneza mwenyewe. Niliona mguu wa mume wangu ukiinuka kuifuata. Ukafika juu yake, ukatulia hapo. Halafu ukarudi kwenye zulia. Akanitazama na kutikisa kichwa kidogo sana, nisiseme.

Nikatembea kando yao.

Mama alikuwa ameinamia ungo. Aliokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa nje. Akainua macho kuelekea ng'ambo ya barabara, ambako siku zote alimwona kinyozi.

"Kinyozi amehama?" akauliza.

"Amehama, Mama," mume wangu akasema.

"Na yule wa mkaa?"

"Wote wanahama siku hizi. Kodi."

"Mm," Mama akasema.

Watu wa mtaa walitoka milangoni. Walimwona mama mzee kwenye gari la michezo, ameshika mwavuli ndani ya paa, na mkwewe anatembea pembeni kama mlinzi. Wakamwamkia, mmoja baada ya mwingine, na yeye akaitikia kila shikamoo, na kwa wengine akauliza watoto. Hakuna aliyemwambia kwamba anakwenda. Nafikiri waliona uso wa mwanawe. Alikuwa ameshika usukani kwa vidole tu, amenyooka, hapumui vizuri, na wala hakuwa na habari ya kupumua.

Tuliteremka barabara yote namna ile. Penye mashimo alilipitisha kando, taratibu, maharage yasimwagike. Chini kabisa, barabara inapokuwa tambarare mbele ya duka la mbao, gari likapunguza, likafikiri, likasimama.

Mama akafunga mwavuli wake, paa likawashukia. Kutoka chini ya kitambaa nikasikia sauti yake.

"Ndiyo umenibeba?"

"Ndiyo, Mama."

"Tangu kwa kinyozi nimejua. Mimi si kipofu."

"Mbona hukusema?"

"Ungesimamisha," akasema Mama.

Injini haikuwaka. Mume wangu alijaribu mpaka ikawa aibu. Wauza mbao wakaja, Grisi akaja, mwenye duka la viatu akaja na hajui lolote. Mtu akamwomba Mama ashuke kwanza gari lipungue uzito. Mama akauliza ameona wapi abiria akashushwa kabla ya kufika. Mume wangu akataka kushuka asukume, nikamzuia mlango kwa mwili wangu. Nilimwambia dereva naye hasukumi, na kwa mara ya kwanza tangu anioe hakubishana nami.

Kwa hiyo tukasukuma. Mimi nilikuwa katikati, nyuma kabisa, mabega ya Grisi kushoto na wauza mbao kulia, uso wangu umekaribia kile kidirisha cha plastiki. Wakati ule mwavuli ulikuwa umefunguliwa tena na niliwaona vizuri. Mama alikuwa akimwonyesha kwa kidole mahali pa kupita, kana kwamba hiyo njia yeye ndiye anayeijua, naye alikuwa anageuza usukani na kutii. Walikuwa wanaongea. Sikusikia wanachoongea, na sikumuuliza baadaye. Mlima ulikuwa mrefu, Grisi alikuwa ananung'unika tupumzike, nami nilimwambia asukume.