Dozi Isiyoisha

Phanice alikuwa na daktari wake Mbale, na alijivunia daktari huyo kama wengine wanavyojivunia mchungaji. Presha ilimwangusha akiwa kwa shemeji yake huko, macho yakawa hayaoni, na Daktari Norman ndiye aliyemrudisha duniani. Tangu hapo hakutaka kuguswa na mtu mwingine. Kila alipojisikia vibaya alifunga kibanda chake cha mitumba katika soko la Jinja, akapanda gari hadi Mbale, akalazwa, akarudi na dawa kali kuliko za mwanzo na mfuko mwepesi kuliko alivyoondoka nao. Majirani wakimshangaa, aliwajibu kwamba rahisi ni ghali.

Daktari naye alikuwa na swali lake moja.

"Dozi ulimaliza, mama?"

"Yote, daktari."

Naye hutikisa kichwa, akaandika dawa nzito zaidi. Safari ya mwisho aliweka kalamu chini. "Mimi nakuona ukishaanguka," alisema. "Unahitaji mtu wa kukuona kabla hujaanguka. Hapo kwenu, upande wa Kimaka, kuna muuguzi anaitwa Hajarah. Nenda kwake kila mwezi. Kwangu njoo mara moja kwa mwaka, inatosha."

Phanice alirudi Jinja akinung'unika njia nzima. Nesi! Nesi ni wa kuchoma sindano. Aliona wazi kwamba daktari amemchoka, tena amemchoka wakati mtaji umekatika. Basi akakata shauri: atauza kibanda, apate cha kumlipa daktari wa kweli, na mengine Mungu anajua. Akaenda kwa Mubaraka, muuza viatu wa jirani, ambaye alikuwa amekimezea mate kibanda hicho miaka mingi.

Mubaraka alikuna ndevu. "Dada Phanice, mimi nataka hii kibanda, hiyo si siri. Lakini nikikupa pesa leo, yote naenda Mbale, halafu wewe nabaki na nini? Mimi pia iko na presha. Enda kwa Afande kwanza, ule nesi ya Kimaka. Ukitoka huko na bado wewe nataka kuuza, mimi iko hapa."

"Mimi si askari wa kupelekwa kwa afande."

"Enda tu."

Akaenda, kwa hasira zaidi kuliko kwa imani. Hajarah alikuwa amestaafu jeshini; viatu vya jeshi alivirudisha, sauti akabaki nayo, ndiyo maana Jinja nzima ilimwita Afande. Phanice alijiandaa kuamrishwa. Badala yake alikalishwa kwenye benchi apumzike, ndipo akafungwa kipimo mkononi, na swali lililokuja halikuwa lile alilolizoea.

"Leo asubuhi, mama, dawa umekunywa saa ngapi?"

"Leo? Dozi nilimaliza zamani."

"Ulimaliza."

"Hakikubaki hata kidonge kimoja," alisema Phanice kwa fahari, maana malaria ilimfunza tangu utotoni kwamba mgonjwa mwema ni yule anayemaliza dozi.

"Na ikiisha, unafanya nini?"

"Nakaa. Si nimepona? Nikizidiwa tena ndiyo naenda Mbale."

Afande alimtazama, kisha akacheka mpaka akashika meza. Phanice alikuwa tayari kuinuka aondoke, lakini yule mama alimshika mkono na hakuuachia. "Sikia, dada yangu. Malaria unafukuza, inaenda. Presha haiendi. Hii ni mpangaji wa kudumu. Dawa yake hakuna kumaliza. Ikikaribia kwisha, unakuja, nakupa ingine."

"Hata nikijisikia mzima?"

"Unajisikia mzima sababu dawa iko ndani."

Phanice alilia palepale kwenye benchi. Daktari aliuliza kwa moyo safi, naye akajibu kwa moyo safi, na neno moja, kumaliza, likapita katikati yao kila safari bila kusimamishwa. Kila alipoitii dozi ndipo alipojiangusha.

Afande alimwanzishia dawa ya kawaida, ile ya bei ndogo. Akichelewa siku yake, simu ililia na sauti ikatoka humo ikasikika vibanda vyote: "Phanice! Uko wapi?" Wenzake walicheka, naye akacheka nao, akashukuru kwamba kuna mtu duniani anayemkumbuka kabla hajaanguka. Vitanda vya Mbale vikamsahau. Hela iliyokuwa ikipotea barabarani ikarudi kibandani, ikawa marobota ya sweta za watoto. Mubaraka alizitazama, akashusha pumzi.

"Dada, umeninyima kibanda."

"Wewe ndiye uliyejinyima, baba. Mungu akulipe."

Mwaka ulipotimia alikwenda Mbale akiwa na koti zuri kuliko yote aliyoyapata. Akalipa mapokezi kama mgonjwa yeyote, maana hakujua njia nyingine ya kumfikia mtu wa kumshukuru. Daktari Norman alimpima, akarudia kumpima.

"Dozi ulimaliza?" aliuliza kwa mazoea.

"Sijamaliza, daktari. Wala simalizi mpaka nife." Akamsimulia yote, akamvisha koti. "Asante kwa kunifukuza."

Daktari alitazama rundo la faili za wagonjwa wake. "Wangapi wamenijibu kama wewe?" alijiuliza kwa sauti ndogo.

Phanice alipokuwa akifunga kitambaa chake ukumbini, mzee mmoja aliingia kwa daktari na mlango ukabaki wazi.

"Karibu, mzee," alimsikia daktari akisema. "Leo asubuhi dawa umekunywa saa ngapi?"