Hii Haiuzwi

Kila mteja aliyeingia nyumba ile mchana wa jua kali alifanya kitu kilekile: alisimama sebuleni, akashusha pumzi, akaanza kutafuta kwa macho kiyoyozi kiko wapi. Hakipo. Hapo ndipo Fundi Baridi, kama watu walivyozoea kumwita, alipokuwa akitabasamu. Siku hiyo hakutabasamu.

Mteja wa leo alikuwa mama mwenye kampuni ya nyumba za kupangisha, mtu asiye na mchezo. Aligonga kuta za matofali ya udongo wa kushindilia, akakagua paa lililotokeza nje likafunika madirisha yasipigwe na jua, akachungulia tangi la maji ya mvua.

"Nimeongea na wanaokaa kwenye zile mbili ulizouza," alisema. "Umeme wanalipa nusu ya majirani, na hawana mpango wa kuhama. Wangu mimi wananikimbia kila baada ya miezi sita, kisa joto. Nijengee arobaini. Na hii naichukua leo, iwe ya mfano."

Arobaini! Binti yake Fundi, ambaye ndiye aliyekuwa akiwatafuta wateja, nusura apige vigelegele. Nje, mafundi kumi na watano waliokaa mwezi mzima bila kazi walikuwa wametega masikio.

"Arobaini nitakujengea," Fundi akasema. "Hii haiuzwi."

"Baba!"

Jamani, mzee huyu hakuwa na kiburi. Alikuwa na lake moyoni. Nyumba ya kwanza aliijenga aishi na mkewe, watoke kwenye chumba cha kupanga, chenye bati lililowaka kutwa nzima kama kikaango. Kabla ya kupaka rangi akaja mnunuzi. Mkewe mwenyewe akamwambia, "Muuzie, baba. Upate mtaji. Ijayo itakuwa yetu." Ya pili aliiuza bila hata kumuuliza. Alirudi na habari njema, akamkuta amekaa kizingitini anajipepea kwa kifuniko cha boksi. "Hongera," mkewe akasema, kisha akaingia ndani akalala amegeukia ukutani. Ile hongera ndiyo iliyomtafuna Fundi mpaka leo.

Ya tatu, ndiyo hii, aliianza moyo wa mkewe ukiwa umeshachoka. Daktari aliwaambia mgonjwa asikae kwenye joto. Fundi akapima kitanda kwa futi kamba, akashusha dirisha la chumbani hadi usawa wa godoro, ili mkewe akilala tu upepo umfikie usoni. Akakimbizana na kazi kama mwehu. Akabakiza rangi. Saa saba mchana, yuko juu ya ngazi na brashi mkononi, binti yake akampigia simu kutoka kwenye kile chumba cha bati. Alikuwa analia, hata maneno hayatoki.

Sasa yule mama alikuwa chumbani, ameinama dirishani. "Hili la chini limenifurahisha. Ni mbinu ya kuingiza hewa ya baridi?"

Binti, ambaye siku zote aliwajibu wateja kuwa ndiyo, ni utaalamu, safari hii akamtazama baba yake.

"Nyumba hii ina mwenyewe," Fundi akasema.

"Yuko wapi? Mbona godoro bado lina nailoni?"

"Ni mke wangu. Nilimwahidi." Akainyoosha nailoni ya godoro. "Nimechelewa."

Yule mama akatazama godoro, kisha akamtazama yeye. "Pole sana, mzee wangu. Lakini bila nyumba ya mfano ya kuwaonyesha wenzangu wa kampuni, siwezi kusaini." Akaaga kwa heshima, akaondoka. Mafundi wakalisindikiza gari kwa macho, kisha mmoja mmoja wakaanza kukusanya vifaa vyao.

"Watu kumi na watano, baba," binti akasema. "Kwa ajili ya kitanda kisicholaliwa!"

Fundi alikaa kitandani, nailoni ikalia chini yake, kisha akajilaza taratibu, mahali pa mkewe. Upepo ukaingia, ukampiga usoni pale pale alipopima. Kumbe alipima sawasawa! Mzee akafunika uso kwa mikono yake miwili akalia kama mtoto.

Binti alisimama mlangoni akiwa bado na hasira. Halafu akakumbuka mkono wake ulivyochoka siku ile, akimpepea mama kwa kile kifuniko cha boksi, akibadilisha kulia na kushoto, na hewa yote ya moto tu. Hasira ikamwishia. Akaja, akaanza kuichana ile nailoni kuanzia miguuni.

"Vua viatu, baba," akasema huku machozi yakimtiririka. "Mama angekugombeza."