Kibao Kwenye Nyasi za Bi Verna

Bi Verna Tollefson ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkubalia. Janelle alikuwa bado amesimama mlangoni pake, kibao cha kampeni kwapani, anatafuta neno la kuanzia, na yule mama mwenye nywele nyeupe anazozitia mawimbi kila Alhamisi akamwahi.

"Kiweke pale karibu na barabara, mpenzi. Wakione hata wanaopita na matrekta."

"Kweli hutajali, Bi Verna?"

"Nijali nini? Nyasi ni nyasi."

Basi Janelle akakipigilia. Jina lake la ukoo, BREKKE, kwa herufi kubwa nyeupe, na chini yake maneno aliyoyafikiria wiki nzima akikunja nguo: SHULE NI YA WATOTO WOTE. Alirudi nyuma hatua chache akakitazama, akacheka peke yake kama msichana. Kufikia katikati ya Oktoba, mtaa wao mzima katika mji mdogo wa Sundal ulikuwa na vibao vyake. Hakuna nyumba hata moja iliyomkatalia.

Bodi ya shule ilikuwa na kiti kimoja kitupu, kwa kuwa mjumbe mmoja mzee alihamia Arizona kupasha moto magoti yake. Waliobaki walikuwa wamegawanyika katikati. Nusu walitaka uwanja wa mpira utandikwe nyasi bandia na kufungwa taa mpya kabla ya msimu ujao, nusu hawakutaka. Fedha za nyasi zilikuwa lazima zitoke mahali, na kila mtu mjini alijua zingetoka wapi. Zingetoka kwenye mishahara ya walimu wasaidizi.

Mmoja wa wasaidizi hao aliitwa Luanne. Kazi yake ilikuwa kukaa jirani na dawati la Maren, binti wa Janelle, aliyekuwa darasa la tatu. Maren alikuwa na kifafa. Luanne alijua, kwa jinsi kope za mtoto zilivyoanza kupepesa, kwamba kinakuja, na kabla darasa halijageuza shingo alikuwa ameshamlaza kwa ubavu kwenye mkeka, kiganja chini ya shavu lake. Kikiisha, mtoto alirudi kwenye hesabu zake. Mkuu wa shule alishamwambia Janelle bila kumzungusha: Luanne akiondoka, Maren naye ataondoka. Atapelekwa kwenye kituo maalumu huko makao makuu ya wilaya, saa nzima kwa basi kwenda, na saa nzima kurudi, aache marafiki zake, aache na ile tarumbeta aliyoahidiwa mwakani.

Ndiyo maana Janelle aligombea. Hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa mtu wa kukata nywele, ana kiti kimoja na kioo kimoja sebuleni kwake.

Mshindani wake alikuwa Rodney Haugen, muuza matrekta, mwenyekiti wa wazazi wa timu, mtu mwenye kicheko cha kuingia nacho kila nyumba. Vibao vyake navyo vilikuwepo, lakini vichache.

"Nimekwambia mtaa mzima, Curt," Janelle alimwambia mumewe kwenye simu. Curt aliendesha lori la nafaka na wiki hiyo alikuwa Nebraska. "Mtaa mzima! Hata kwa mchungaji."

"Umewauliza kama watakupigia kura?"

"Mtu akuweke kwenye nyasi zake halafu akunyime kura?"

 Curt alizaliwa Sundal. "Mke wangu, huko kwetu hakuna anayesema hapana mbele ya uso wa mtu. Mama yangu alimaliza maisha yake hajawahi kukataa sahani ya pili. Mtu wa Sundal akikwambia 'hilo ni wazo la aina yake,' ujue ameshalizika."

"Wewe nawe unapenda kunivunja moyo."

"Sikuvunji. Nakutayarisha."

Janelle alikulia Nevada, ambako mtu akikuchukia anakwambia, na akikupenda anakwambia vilevile. Baridi sita za Minnesota hazikuwa zimemtoa malezi hayo.

Mkutano wa wagombea ulifanyika kwenye ukumbi wa chakula wa shule, kukiwa na kahawa nyepesi na biskuti za tangawizi. Watu waliandika maswali kwenye vikaratasi, na mkutubi wa mji akayasoma, ili asijulikane nani kauliza nini. Bi Verna alikaa nyuma na Maren, akimshikia koti.

Walianza vizuri. Rodney aliulizwa kuhusu nyasi bandia, akasema wavulana wetu wanateguka vifundo vya miguu kwenye matope huku miji jirani inatucheka. Janelle aliulizwa hilo hilo, akasimama, sauti imetulia.

"Mimi siuchukii mpira. Ijumaa zote nipo pale nikila soseji kama ninyi," alisema, na watu wakacheka. "Ila shule ya umma si duka, kwamba anayenunua zaidi ndiye anayehudumiwa kwanza. Ni mlango ambao kila mtoto wa mji huu anaingia bila kubisha hodi. Tukianza kuchagua nani aingie na nani apelekwe mbali, leo atakuwa wangu. Kesho atakuwa anayechelewa kusoma. Keshokutwa atakuwa nani?"

Mtu mmoja alipiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

Kisha mkutubi akachukua kikaratasi kingine. Alikisoma kwanza kwa macho, kisha akakisoma kwa sauti kwa sababu hayo ndiyo yalikuwa masharti.

"Swali kwa Bibi Brekke. 'Mwanao ni ghali kuliko watoto kumi wazima. Je, ni haki mji mzima ukose uwanja kwa ajili ya mtoto mmoja ambaye hata hatakuja kuwa na faida kwa yeyote?'"

 Janelle alisubiri mtu aseme, jamani, hilo si swali. Alitazama meza baada ya meza. Watu wale aliowakata nywele, aliowafagilia theluji, walikuwa wanatazama vikombe vyao kama vile kuna kitu kimezama humo. Kiti kimoja kililia sakafuni, basi.

"Mtoto huyo yuko hapa ukumbini," alisema mwishowe. "Anaitwa Maren. Anasikia kama ninyi."

Rodney akainuka, mkono kifuani. "Niseme jambo. Mimi sina neno lolote na mtoto yule. Mke wangu na mimi tunamwombea kila Jumapili." Na hapo ndipo makofi yalipokuja, makofi ya haja, ya ukumbi mzima, hadi vijiko vikatikisika kwenye visahani.

Kwenye gari Maren alikaa nyuma, mdomo umejaa biskuti ya Bi Verna.

"Mama, wazima ndio akina nani?"

"Ni watu wasiojua kuuliza maswali, mwanangu."

"Mimi ni ghali kama trekta?"

Janelle alisimamisha gari kando ya barabara. Alivuka viti akaenda nyuma, akamkumbatia mtoto pamoja na makombo yake.  Bi Verna alipopita na gari lake aliteremsha kioo akasema, "Watu wengine hawana adabu, mpenzi. Usiwajali hao." Neno hilo Janelle alilishika. Alilala nalo siku zote zilizobaki. Bi Verna yuko pamoja nami, na Bi Verna anamjua kila mtu.

Jumanne ya kura ilikuwa ya kijivu, theluji ya kwanza ikianguka bila kushika. Janelle alipiga kura asubuhi kwenye chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri. Wamama waliosimamia meza walimtabasamia sana, tabasamu la kupita kiasi, na mmoja akamshika mkono akachelewa kuuachia. Alitoka humo anaruka kwa furaha. Alinunua keki ndogo yenye sukari ya rangi ya waridi, akaificha juu ya friji ili Maren asiione hadi matokeo yatangazwe, baada ya kura kufungwa saa mbili usiku.

Saa kumi na moja jioni mlango uligongwa.

Alikuwa Bi Verna, amevaa koti lake la kanisani, ameshika kwa vitambaa viwili vya jikoni bakuli la oveni lililofunikwa karatasi ya fedha. Harufu ilimtangulia ndani: nyama ya kusaga, supu ya uyoga ya kopo, viazi vya kukaanga vilivyopangwa juu kama vigae.

"Nimeona leo hutakuwa na moyo wa kupika, mpenzi."

"Bi Verna! Umenitua mzigo." Janelle alilipokea bakuli akicheka. "Ila kura hazifungwi hadi saa mbili. Ingia, ukae, labda tutasherehekea pamoja."

Bi Verna hakuingia. Alikuwa akitazama kitasa cha mlango.

"Mle chakula kingali moto," alisema. "Bakuli si haraka kulirudisha."

Nyuma yake gari lilikuwa linaegeshwa. Mke wa mchungaji akateremka, naye na bakuli. Upande wa pili wa barabara, jirani wa kona alikuwa anavuka kwa hadhari, amebeba lake kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Janelle alilihisi joto la bakuli likimpenya viganjani. Aliinua pembe yake kidogo. Chini kulikuwa na kipande cha utepe wa gundi chenye jina TOLLEFSON kwa wino, ili lirudishwe kwa mwenyewe. Mara ya mwisho kuona mabakuli yakija nyumbani hapo kwa mfuatano hivyo, kila moja na jina lake chini, ni siku aliyofariki mama yake Curt. Pale Sundal ndivyo wanavyofanya. Hawalii mlangoni kwako. Wanaleta viazi.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Ah, Janelle."

"Nakuuliza, Bi Verna. Watu bado wanapiga kura, na ninyi mmeshapika ya msiba. Mmejuaje?"

Mke wa mchungaji aliishia katikati ya njia. Jirani wa kona akageuka kutazama theluji.

Basi Janelle aliuliza lile swali ambalo mji ule hauulizi, hata mke kwa mume. "Wewe umempigia nani?"

Mashavu ya Bi Verna yalishika rangi. Alitazama kulia, alitazama kushoto, hakuna aliyemwokoa.

"Mjukuu wangu amebakiza msimu mmoja," alisema kwa sauti ya chini. "Mmoja tu, halafu anamaliza shule. Hutaki acheze kwenye matope, sivyo? Wewe ni mama." Kisha, kwa upole kabisa, upole ule ule wa biskuti na wa kushika koti, akamalizia: "Na Maren huko watamtunza vizuri. Yule maskini hata hatajua tofauti."

Maren alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, mguuni ana soksi moja.

"Nitajua," alisema Maren.

Bi Verna alimtabasamia. "Mtoto mzuri," alisema, akashuka ngazi akishikilia chuma, asiteleze.

Matokeo yalipotoka, Janelle hakuwa amefikisha hata theluthi ya kura. Alizima simu. Mabakuli yalikuwa yamejipanga mezani, mengine yamefuatia, na yeye alikuwa ameapa kwamba hakuna kijiko kitakachoingia ndani yake. Lakini mtoto alikuwa na njaa, na mle ndani hakukuwa na kingine kilichopikwa. Alimpakulia. Akampakulia tena. Mwisho akachukua uma akaonja na yeye.

"Ni tamu, mama," Maren alisema, kama anayeomba radhi.

Ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililomliza.

Bodi ilikaa kabla ya Krismasi. Rodney aliinua mkono, na nyasi zikapita. Luanne alipewa kadi iliyosainiwa na walimu wote na kazi ya kupanga bidhaa usiku kwenye duka kubwa la barabara kuu. Maren akapangiwa basi dogo litakaloanza kumchukua Januari, kabla ya mapambazuko.

Siku moja kabla ya basi hilo, Janelle alirudisha mabakuli, yameoshwa yanang'aa. La Bi Verna aliliweka mwisho. Kibao chake kilikuwa kingali pale karibu na barabara, kimezama katika theluji hadi karibu na herufi. Vingine vyote mtaani vilishang'olewa siku nyingi. Bi Verna peke yake alikuwa hajathubutu, kwa kuwa kung'oa ni kama kumkatalia mtu usoni.

"Umekuja kukichukua," Bi Verna alisema, akipokea bakuli. Uso wake ulilegea kwa nafuu. "Ngoja nikuletee koleo la theluji."

"Hapana. Nimekuja kukuomba kibaki."

"Kibaki?"

"Baada ya mwaka mmoja kuna viti vingine. Nitagombea. Na nikishindwa, nitagombea tena." Janelle aliongea polepole, kwa utamu, kama mtu wa Sundal. "Hakikusumbui, sivyo, Bi Verna? Nyasi ni nyasi."

Yule mama alifungua mdomo. Janelle alisubiri. Alimpa nafasi yote ya kusema neno lile moja la kukataa.

"Hapana, hapana," alisema Bi Verna. "Hakinisumbui hata kidogo."

Asubuhi yake kulikuwa na giza na baridi ya kukata masikio. Basi dogo lilipinda kona, na taa zake zikapita juu ya nyasi za Bi Verna. Maren, mkoba mgongoni, akakisoma kibao kwa sauti kama anavyosoma kila kitu.

"Shule ni ya watoto wote." Akageuka. "Wataweza kukisoma kila siku, mama? Hata dereva?"

"Kila siku."

Janelle alimpandisha, akamwonyesha dereva ule mkeka mdogo na namna ya kiganja chini ya shavu. Dereva aliitikia kwa kichwa bila kumtazama. Mlango ukafungwa. Mkono mmoja wenye glavu ukapunga dirishani hadi basi lilipopotea.

Ng'ambo ya barabara, jikoni kwa Bi Verna, taa ilikuwa inawaka. Kisha mtu akavuta pazia.