Siku Ambazo Chepyegon Hakuwepo

Alhamisi ile ya mwaka wa tisini na nne, Chepyegon alipofika nyumbani kwake karibu na Silibwet, alimwona mama yake, Rodah, akikimbia. Si kumkimbilia, la! Alikuwa akimkimbia yeye, mtoto mchanga kifuani.

"Mama, ni mimi!"

"Simama hapo hapo! Usikaribie!"

Maskini wa Mungu, alikosa nini? Jumapili alipanda mti kando ya shamba lake la majani chai kukata tawi. Tawi likaenda, naye akaenda nalo. Alipofumbua macho aliona nesi. Mtu akilala usingizi hujua amelala, mwili wenyewe humwambia. Yeye hakujua kitu. Nesi aliposema leo ni Alhamisi, alimkasirikia kwa kumfanyia mzaha. Mkewe Chepchirchir alikuwa karibu kujifungua, kwa hiyo hakungoja. Akaomba lifti kwenye lori la majani chai.

Lakini Jumatano jirani yake Benard alikuwa amekwenda kumwona, akakuta kitanda kitupu. Mgonjwa alikuwa amehamishiwa chumba kingine tu. Kuuliza si ujinga, ila Benard hakuuliza. Alitimua mbio hadi nyumbani na kusema Chepyegon ametuacha. Kwa mshtuko huo Chepchirchir akashikwa na uchungu, akazaa mvulana.

Alhamisi asubuhi akina mama wakaketi kumpa mtoto jina kwa desturi ya Kipsigis: huitwa majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na yule ambaye mtoto atampigia chafya ndiye aliyerudi ndani yake. Ni Wakristo, ndiyo, na kanisani hawakosi, lakini jina ni jina. Wakaita mababu wote. Kimya. Ndipo Rodah, sauti ikikatika kwa kilio, akamwita mwanawe. Mtoto akapiga chafya.

Rodah alipomsimulia hayo akiwa bado mbali, Chepyegon alicheka.

"Lakini mama, si unaniona? Nilikuwa hospitali."

"Mwili ulikuwa hospitali. Mimi nauliza wewe. Jana ulikuwa wapi?"

Kicheko kikamkauka mdomoni. Aliitafuta Jumatano, akaitafuta Jumanne, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka. Hata giza hakulikuta, maana giza nalo lahitaji mtu wa kuliona. Dunia ilikuwa imekwenda bila yeye, wala yeye hakuwepo hata wa kuachwa nyuma.

"Sijui, mama. Haki ya Mungu, sijui."

Rodah akaja polepole, machozi yakimtiririka, akamwekea mtoto mikononi.

"Basi mshike. Hizo siku zako ziko na huyu."

Mtoto akapiga miayo, akasinzia. Chepyegon alimkodolea macho. Yalikuwa yakimwasha kwa uchovu, lakini hakuthubutu kuyafumba.